Komeo Lilikuwa Ndani

Mtu akiniuliza habari za Ruthi, huwa naanza na mlango, maana mlangoni ndipo watu wa Tanga walipomjua. Mlango wenyewe ni wa sinema ya Abdulrasul, na siku yenyewe ni Jumatano alasiri, siku ya zanana. Saa zile picha ilikuwa yetu wanawake peke yetu. Mwanamume, awe na cheo gani, hakanyagi ndani. Sasa bawabu wa siku zote alikuwa jibaba lenye masharubu, kwa hiyo ilibidi atafutwe mwanamke wa kuchana tikiti na kuwatimua wavulana waliokuja wamejifunika mabuibui ya dada zao. Akatafutwa, akapatikana Ruthi.

Alikuwa Mshambaa wa milimani, Mlutheri, mfupi, mikono imekaza kwa kazi. Sisi wote tumevaa buibui, yeye yu katika gauni lake la buluu na kitambaa kichwani, amesimama wima, tukawa tunamwita Askari. Hakukasirika. Alikuwa na kawaida moja: picha ikishaanza na watu wote wameketi, yeye hakai. Anaegemea mlango, mkono mmoja uko kwenye komeo, anatazama picha huku anasikiliza barabara. Nilimwambia mara nyingi, "Wee Ruthi, kaa kitako, tikiti zimekwisha." Ananijibu, "Nitasikiaje mtu akibisha?"

Alikuwa anamngoja mumewe. Bora niliseme mapema, kwa sababu mji mzima ulilijua na sioni haya kulisema.

Mume jina lake Ernesti. Walikuwa pamoja kwenye shamba la mkonge upande wa Maramba, mume anakata, mke analima kijishamba cha mahindi nyuma ya kambi. Ruthi alinihadithia maisha yale mpaka nikajiona nimeyaishi mimi. Alinihadithia jinsi Ernesti alivyokuwa akirudi jioni amejaa miba mikononi, naye akiitoa mmoja mmoja kwa sindano, na mume akiimba ili asionekane anaumia. Kwenye nyimbo za kanisani alikuwa na sauti ya kuongoza. Siku moja mwiba wa mkonge nusura umtoboe jicho, ndipo aliposema basi, mkonge umenishinda, nakwenda Mombasa bandarini. Akampandisha mkewe kwenye lori la kuja Tanga, kwa kuwa ukoo wa Abdulrasul ulikuwa ukitafuta yaya. Akamwambia, "Nisubiri pale kwenye sinema. Nikipata mahali pa kukaa nitakuja kukuchukua."

Ruthi akaja Tanga na sanduku lake la bati, akalea watoto wa Abdulrasul mpaka wakakua, akapanga chumba uani kwangu, Ngamiani. Kazi ya mlango ilipotokea aliikimbilia. Mimi nilidhani anapenda picha. Kumbe basi la Mombasa lilikuwa likishusha watu ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango ule ule, na siku za Jumatano lilikuwa likifika picha ikiwa katikati. Likipiga honi, Ruthi anafungua mlango kidogo, anachungulia. Mwanga unaingia, wanawake wanapiga kelele, "Funga mlango, Askari!" Anafunga. Ndivyo tulivyotazama picha miaka yote ile, kila moja na ule upenyo wa mwanga katikati yake.

Ernesti hakuja. Alileta salamu mara mbili mwanzoni, kwa midomo ya wasafiri, kisha kimya. Halafu Kenya ikaingia katika hali ya hatari, tukasikia watu wanakamatwa, wanatiwa kambini, na Ruthi akapata maelezo yake. "Wamemfunga, dada Asmahani. Angekuwa huru angekuja." Nilimwambia wanaokamatwa ni Wakikuyu, Mshambaa wamkamatie nini? Akasema, "Huko askari anajua Mshambaa ni nani?" Mimi sina subira ya namna ile, na sitajifanya ninayo. Mume wangu alipokufa nililia nikamaliza, nikaanza kukaanga vitumbua. Lakini wangu alikufa, nikamwona anavyozikwa. Wake alikwenda tu.

Basi, mwaka ninaousimulia, katikati ya miaka ile ya hamsini, mambo mawili yalifika katika wiki moja. La kwanza ni kaka yake, Asheri. Alikuwa mkulima wa kabichi na viazi huko milimani, ameshuka na lori la mboga kuuza sokoni. Akaja uani kwangu, mtu mpole, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za milimani?"

"Nzuri kidogo. Mama yetu miguu imemwisha. Hatoki nje. Nimekuja kumchukua Ruthi."

Ruthi alikuwa anafua. Hakuinua uso. Asheri akachutama karibu na beseni akaongea naye Kishambaa, mimi nikajitia kuchambua mchele. Kishambaa nakisikia kuliko wanavyodhani. Alimwambia shamba la mama linamea magugu, mama anamwita jina lake asubuhi na jioni. Kisha akamwambia jambo jingine, sauti chini: kuna vijana wa kwao wanaofanya kazi Mombasa, wamemwona Ernesti. Wamemwona pale Makupa, mzima, amenenepa, anacheka na watu.

"Wamemfananisha," Ruthi akasema.

"Waliongea naye, Ruthi."

"Basi kuna kitu kinachomzuia. Hawezi kuwaambia watoto wadogo." Akakamua nguo ambayo alikuwa amekwisha ikamua.

Asheri akasimama. Akasema lori litarudi milimani Ijumaa, naye atapita pale. Kama Ruthi hapandi safari hii, hatakuja kumwita tena, maana mama hatafika masika mengine. Ruthi akasema atamjibu baada ya Jumatano, kwanza ana kazi. Nikataka kumrushia ungo. Kazi gani hiyo? Ya kumchungulia mtu ambaye hata salamu imemshinda?

Jambo la pili ni picha yenyewe. Ilifika kutoka Bombay ikiwa na sifa kubwa, na Ijumaa na Jumamosi ilipoonyeshwa kwa wote, wanaume walitoka wakiwa kimya. Haijawahi kutokea. Wanaume wa Tanga hutoka sinema wakirushiana ngumi za mchezo. Safari hii walitoka wanatazama chini. Wake zao wakawauliza imekuwaje, wakasema, "Kaioneni wenyewe." Jumatano ilipofika, foleni ilizunguka nyumba.

Sasa hapa lazima nieleze jinsi tulivyokuwa tukitazama, la sivyo mtu wa leo hataelewa. Picha zilikuwa za Kihindi. Wanawake wa Kihindi walikaa ghorofani, kwenye viti vya mto, wakisikia kila neno. Sisi tulikuwa chini, kwenye mabenchi, na Kihindi chetu kilikuwa cha dukani tu. Kwa hiyo Noorjehan, binti Abdulrasul, alikuwa akikaa kwenye kiti mbele yetu, sisi ametupa uso, picha ameipa mgongo, anatufasiria kwa sauti. Alikuwa amekwisha iona picha na baba yake kabla, anajua kila kinachokuja. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga hasa, amekinyonya kwa Ruthi, ambaye ndiye aliyemlea. Alikuwa msichana mzuri, amechumbiwa na mtu wa Kampala ambaye hajamwona uso, na nadhani kufasiri picha ndiyo raha aliyokuwa amebakiza. Huko ghorofani hawamsikii, kwa kelele zetu.

Picha ikaanza. Ni habari ya bibi mmoja katika nyumba kubwa. Mumewe anasafiri, inaletwa habari kwamba amekufa katika ajali ya gari moshi, mwili haukuonekana. Mama mkwe anamletea nguo nyeupe za ujane. Bibi anakataa kuzivaa. Anasema mume wangu yu hai, kwa sababu kila siku nasikia kikohozi chake katika chumba cha juu. Chumba cha juu kimefungwa. Mama mkwe anasema hakuna mtu. Anaitwa daktari, anampa unga wa dawa. Bibi anaanza kujishuku, anajitazama kwenye kioo kama vile anamtazama mgeni. Lakini haachi kupanda ngazi. Anaweka sahani ya chakula nje ya mlango, anaita jina la mume, anashuka. Asubuhi sahani tupu. Wanamwambia ni paka.

Uwanja ulikuwa wetu sasa. "Paka gani anakula achari?" mmoja akapiga kelele. Mwingine akasema huyo ni jini, nyumba haijavukizwa udi tangu ijengwe, inaonekana kwa macho. Mwingine akasema kosa ni la mama mkwe, kama kawaida yao. Bibi mmoja mtu mzima nyuma yangu alikuwa akimlilia yule wa kwenye picha kabisa: "Usinywe dawa hino, mwanangu! Mwaga!" Mimi nilisema, na bado nasema, kwamba mwanamke yule alikuwa mjinga. Nyumba ina ngazi, ina shoka la kuni, yeye anabisha kwa vidole viwili. Vunja mlango, tujue moja!

Niligeuka nikamwona Ruthi ameacha kuegemea. Amesimama mbele ya mlango, mikono kifuani. Nilijua alichokuwa akifikiri, kwa sababu wiki nzima alikuwa akimsumbua Noorjehan jikoni kwao: mwisho wake ni nini? Anarudi mumewe? Na Noorjehan akimjibu, ngoja Jumatano.

Mwisho wake ni huu. Mvua inanyesha. Bibi anapanda na taa. Hana sahani safari hii. Anaweka kiganja kwenye mlango, anasema kwa upole, "Ni mimi." Kimya. Kisha tunasikia chuma kinasugua chuma, mlango unafunguka, na mume ndiye huyo, ndevu zimemjaa, macho makubwa. Zanana ililia kwa sauti moja. Mume anaanza kusema. Anasema sana, anatokwa na machozi. Mke anasikiliza, uso wake unabadilika kidogo kidogo. Halafu anaweka taa sakafuni. Anaurudisha mlango, anashuka ngazi, anachukua sanduku dogo, anatoka kwenye mvua, anakwenda mpaka haonekani. Imekwisha.

Na Noorjehan, mbele yetu, sauti inamtetemeka, akafasiri hivi: "Anasema, mke wangu, mama yangu na daktari wamenifungia humu, wanataka mali. Kila siku nilikusikia, ningevunja mlango kama ningeweza. Sasa nenda haraka kaite polisi, wasijue umeniona. Na sanduku lile... ndani mna nguo zangu, ni ushahidi."

Tukapiga vigelegele. Lo, jinsi tulivyofurahi! Bibi wa nyuma yangu akawa anasema, "Subira yake imelipwa, subira yake imelipwa," analia anacheka. Nami, niliyemwita mjinga, nikajuta. Nikageuka kumtafuta Ruthi, na uso wake sikupata kuuona vile, kabla ya hapo wala baadaye. Haukuwa na furaha. Ulikuwa wa mtu anayefanya hesabu ambayo haikubali kutoka.

Tukasongamana mlangoni, sisi tunatoka chini, wenzetu wanashuka kutoka ghorofani. Mbele yao alikuwa Kulsumbai, mke wa Gulamhussein wa duka la vitambaa, mwanamke mnene mcheshi, tunayemnunulia kanga. Alikuwa anafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Vizuri sana!" akasema. "Vizuri sana alivyomwacha! Mimi ningemwacha na mlango ningepigilia misumari."

"Kumwacha?" nikamwambia. "Kulsumbai, wewe ulilala? Amekwenda kuita polisi."

"Polisi gani?"

"Wa kumfungulia mumewe!"

"Arre, Asmahani! Nani amemfunga?" Akacheka mpaka akanishika bega. Wanawake wa Kihindi waliokuwa nyuma yake wakacheka nao, na wa kwetu wakaanza kukasirika, maana walidhani tunachekwa. Mmoja wetu akasema mama mkwe ndiye aliyemfunga, sisi hatuna macho? Mmoja wao akasema mama mkwe alikuwa hajui hata kidogo, maskini. Ikawa zogo. Watu waliotoka katika nyumba moja, wameitazama picha moja, kila upande unaapa kuwa wenzao wana wazimu. Ingekuwa siku nyingine ningecheka mpaka leo.

Ruthi akaja katikati yetu. Akasema, "Kulsumbai, tafadhali. Alisema nini yule mwanamume? Pale alipokuwa akilia."

Kulsumbai hakujua tulivyofasiriwa. Aliulizwa, akajibu, mwanamke wa haki. "Alisema, hakuna mtu aliyenifunga. Nilichoka kuwa mume wa mtu. Lakini nilikuwa nikikusikia unaniita kila siku, na nilipenda kusikia naitwa. Hivyo tu. Ndipo mke akaondoka. Hata ningekuwa mimi!"

Kelele zikafa. Nilimtafuta Noorjehan nikamwona kando ya ukuta, mkono mdomoni, na hapo nikaelewa. Nadhani wote tulielewa. Hakuna mwanamke wa zanana ambaye hakujua habari za Ruthi.

Ruthi akatikisa kichwa taratibu, anakubali. "Ndiyo," akasema. "Komeo lilikuwa ndani. Nililiona alipofungua. Nikajiuliza, mtu amefungiwa, komeo linakuwaje upande wake?"

Basi la Mombasa, ambalo siku hiyo lilichelewa, likapiga honi ng'ambo, likasimama, likashusha watu na mizigo yao na kuku wao. Mlango wa sinema ulikuwa wazi kabisa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona basi lile likishusha watu na Ruthi asigeuze shingo. Aliinama akaanza kuokota vipande vya tikiti.

Watu walipokwisha tawanyika nilimwendea Noorjehan, na sikumwonea haya kwa sababu ya baba yake. "Umefanya nini, mtoto wewe?"

"Bi Asmahani, aliniuliza wiki nzima." Alikuwa analia kwa kwikwi. "Alinilea. Alinipa uji kwa kijiko. Ningemtazama usoni nimwambie maneno yale, mbele ya watu wote? Sikuweza. Nilitaka apate Jumatano moja tu ya furaha."

"Hiyo si furaha. Ni kumwongezea miaka mingine ya kusimama mlangoni. Umemfungia mwenzako chumbani, halafu unajiita mwenye huruma." Nilisema kwa ukali, na sikumwambia pole. Nilikuwa na hasira kweli. Nilikwenda nyumbani bila kumuaga.

Asubuhi Ruthi hakwenda kazini kwa Abdulrasul. Nilimkuta ameketi kwenye kizingiti cha chumba chake, miguu uani. Nikampa kitumbua, akakishika bila kula.

"Dada," akasema, "Mombasa si mbali."

"Si mbali."

"Basi linakwenda kila siku. Linarudi kila siku. Mimi mwenyewe nimeliona linarudi." Akakigeuza kitumbua mkononi. "Unadhani anajua kwamba bado namngoja?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini nilikuwa nimetoka kumgombeza mtoto wa watu kwa uongo, nikaona lazima niseme ninachoamini. "Wasafiri wangapi umewatuma, Ruthi? Anajua."

"Unadhani anapenda? Kujua kwamba kuna mtu anamwita?"

Akaanza kulia, si kwa sauti, machozi tu yanashuka kwenye gauni la buluu. Akasema anamtamani. Akasema hivyo hivyo, mwanamke wa kanisa, bila kuficha: natamani mikono yake, dada, hata na miba yake. Natamani kusikia anakohoa ndani nikiwa nje. Hata kama hanitaki, mimi namtaka, sasa haya nitayapeleka wapi? Nikamshika kichwa nikakiweka mapajani kwangu. Mimi pia nililia, na nilikuwa nikimlilia marehemu wangu, ambaye nilidhani nilikwisha mmaliza.

Ijumaa Asheri akapita na lori lake, tupu, linanuka kabichi. Alisimama barabarani hakuingia, nadhani aliogopa jibu. Ruthi akatoka na sanduku lake la bati. Asheri akalipokea akageukia pembeni, mabega yanamcheza. Ruthi akafunga chumba chake kwa kufuli. Hakuhamisha vitu. Kitanda kimetandikwa, mtungi una maji, shati la Ernesti limeangikwa ukutani pale lilipokuwa tangu siku aliyopanga. Akanitia ufunguo mkononi.

"Akija, mpe."

"Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Mpe tu, afungue mwenyewe."

Noorjehan alikuja mbio, mtandio umeanguka mabegani, barabarani mbele ya wanaume. Wakakumbatiana. Sikusikia walichoambiana, na sikukaribia. Lori likaondoka kwa njia ya Muheza, na Ruthi ameketi nyuma juu ya magunia matupu, anatazama mbele linakokwenda. Nilingoja ageuke. Nilijiambia akigeuka mara moja tu nitapunga mkono. Hakugeuka.

Baada ya hapo mlango wa zanana wakamweka mwanamke mwingine, mtu mzuri, anakaa kitako. Picha zilikuwa shwari, hakuna mwanga unaoingia katikati. Nami sikuzipenda tena. Basi la Mombasa likipiga honi nilikuwa nageuka mimi. Noorjehan aliozwa Kampala mwaka uliofuata, tukabaki bila mfasiri, kila mtu anajifasiria lake. Wanawake waliendelea kubishana kuhusu picha ile miezi mingi. Kuna walioshikilia kwamba ya Noorjehan ndiyo kweli na Kulsumbai ndiye mwongo, kwa sababu walikwisha piga vigelegele. Ukiwauliza habari za komeo, wanasema hawakuliona.

Chumba sikukipangisha. Watu walikitaka, nikasema kina mtu. Ufunguo niliutundika kwenye msumari juu ya karai langu la vitumbua, ukawa mweusi kwa moshi. Ernesti hakuja. Kisha masika moja yalinyesha bila kupumzika, ukuta wa nyuma ukalainika, na alfajiri moja chumba kizima kikalala chini, kitanda, mtungi, shati na yote. Fundi akasema kukisimamisha upya si kazi ya leo. Mbao za mlango tulizitumia kuni. Nikapanda mihogo pale.

Mwaka wa mwisho wa miaka ile ya hamsini nilimpeleka mtoto wa dada yangu hospitali ya misheni huko milimani, alikuwa na maradhi ya mifupa. Baridi ya kule si ya kuhadithiwa. Siku ya pili nimekaa barazani nimejifunga kanga tatu, nikasikia, "Dada Asmahani?" Ni Ruthi, ameleta kabichi za kuuzia jiko la hospitali. Amenawiri, mashavu yana rangi. Tulishikana tukacheka tukalia, watu wanatutazama. Nilikuwa na hamu naye kuliko nilivyojua.

Alinieleza habari zote. Mama yake aliishi miaka miwili tangu afike, akafa mkono wake mkononi mwa Ruthi. Shamba limekubali. Anaongoza kwaya ya akina mama. Mzee mmoja wa kanisa, aliyefiwa na mkewe, anamsalimu sana siku za Jumapili, naye humpa salamu tu. Alisema amepoa. Alitumia neno hilo, nimepoa, dada, na mimi nikamwamini, kwa sababu alilisema akimenya chungwa la kunipa, na mikono yake ilikuwa imetulia. Nikamwambia habari za Tanga, nani kaoa, nani kafa, Kulsumbai alivyonenepa. Akacheka sana.

Ikafika saa ya yeye kurudi. Akajitwisha kikapu, akanishika mkono, akanitakia safari njema. Akaenda hatua chache. Kisha akarudi.

"Ufunguo bado unao?"

"Ninao," nikasema. Hilo lilikuwa kweli.

Alikuwa ametazama chini, kwenye vidole vyake vya miguu vyenye udongo mwekundu. "Na chumba?"

Nikamtazama. Nilikumbuka mihogo, nikakumbuka shati lilivyotolewa kwenye tope limekuwa kitambaa. Nikamkumbuka na mtoto wa Abdulrasul kwenye kiti chake, sauti inamtetemeka, na ukali wote niliomwambia.

"Kipo," nikamwambia. "Kama ulivyokiacha."